Pakawa Ataitikia Nani?

Ndani ya basi, mama mmoja, dobi wa hospitali, alikuwa amempakata mwanawe wa miaka minne. Muuza mayai aliyekaa naye, mtu asiyejua kunyamaza, alimwuliza mtoto jina lake asijibiwe.

"Dada, huyu ni bubu?"

"Bubu babu yako! Anasikia vizuri, ila hasemi. Leo hata chekechea wamemkataa. Na hadithi anasikiliza kutwa! Natoka alfajiri, narudi amelala, kwa hiyo nimemrekodia kwenye simu, jirani anamwashia."

"Humo ukisema paukwa, nani anaitikia pakawa?"

"Mimi mwenyewe. Nani mwingine, ukuta?"

"Basi umemmalizia maneno yake, dada yangu."

Mama alitaka kumpa muuza mayai vidonge vyake vya maneno makali, lakini akamtazama mwanawe. "Sasa nifanyeje, kaka? Nikiacha kazi, tutakula hadithi?"

Muuza mayai akamwinamia mtoto. "Paukwa!"

Mtoto akamkazia macho mdomoni, ametulia tuli, akingoja muuza mayai amalizie pakawa mwenyewe. Bado alikuwa akingoja basi liliposimama na kondakta akawaambia washuke.