Sauti ya Msichana wa Dirishani

"Shangazi, huwa unasema nini kule nyuma?"

Hilo lilikuwa swali langu kwake nikiwa na miaka sita, Jumamosi moja asubuhi. Katuni ya sekondari ilikuwa inaendelea kwenye televisheni. Mbele kabisa, kijana wa mpira alikuwa anabishana na mwalimu wa hesabu, yule mwenye suruali fupi. Nyuma, msichana wa sweta la kijani aliyekaa dirishani alikuwa anatikisa midomo, na darasa zima linavuma kama mzinga wa nyuki. Wote nyumbani tulijua sauti ya yule msichana ni ya Shangazi, lakini hata neno moja hatukuwahi kulikamata. Alinitazama juu ya miwani, akasema, "Kunywa chai yako." Mazungumzo yakaishia hapo.

Familia imenipa heshima ya kuwasomea habari za maisha yake, kwa hiyo narudi pale inapotakiwa kuanzia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1969, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa kifungua mimba katika watoto wanne. Baba yake alikuwa dereva wa lori, mama yake alikuwa mama wa nyumbani. Mtaa mzima ulinuka sabuni, na yeye alipenda kusema kwamba ndiyo maana hakuwahi kuwa mchafu popote isipokuwa mdomoni. Waliowahi kugombana naye foleni ya maji wanajua hakuwa anatania sana.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1976 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, na mwaka 1983 alifaulu kuingia sekondari. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa jiografia. Baba yangu, ambaye ni mdogo wake wa mwisho, anasema alijua mito mikubwa ya dunia kabla hajajua njia ya kwenda dukani, kwa sababu dada yake alikuwa akimwogesha huku akimtajia.

Julai mwaka uliofuata, marehemu akiwa kidato cha pili, mama yao alifariki. Baba yao aliondoka na lori kila Jumatatu akarudi Jumapili. Marehemu alikunja sare yake vizuri, akailaza chini ya godoro isipate mikunjo, akaenda jikoni. Hakuna aliyemwambia aache shule. Hakuna pia aliyemwambia asiache, na hilo la pili, baba yangu anasema, ndilo linalowauma wadogo zake mpaka leo, maana wote watatu walisoma hadi mwisho na walisomeshwa naye. Tangu hapo, kila alipoulizwa kiwango chake cha elimu, iwe benki au zahanati, alijibu kwa uso mkavu kabisa: "Nilitoka kidogo, nitarudi." Makarani wengi walikosa cha kuandika.

Ushonaji alifundishwa na jirani, na mwaka 1995 alifungua duka lake la sare za shule kwenye jengo linalotazamana na posta, chumba cha chini, mlango wa bluu. Wazazi walimpenda kwa jambo moja. Ndani ya kila sketi na kila suruali alikunja pindo refu kuliko ilivyo kawaida, ili mtoto akirefuka nguo irefuke naye. Mafundi wenzake walimlaumu kwamba anawaharibia biashara, mtoto anavaa sare moja miaka mitatu. Aliwajibu kwamba yeye anashonea watoto, hashonei miezi.

Mwaka 2004 studio ya katuni ilihamia ghorofa ya juu yake. Wiki ya kwanza tu fundi sauti alishuka ngazi, amenyoa kipara, hedifoni shingoni, akamwomba kwa adabu asimamishe cherehani kwa sababu inasikika juu sakafuni, na hakuna darasa lenye cherehani. Marehemu alimuuliza kama akisimamisha, yeye ndiye atakayewaeleza wazazi wa watoto arobaini kwa nini shule zinafunguliwa na sare hazipo. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe wakakubaliana kwamba atasimamisha saa za kurekodi, ila kwa sharti moja: apande naye aone hicho kitu kinachomfungia kazi.

Alipanda, na siku hiyo hiyo akabaki. Walikuwa wanarekodi kelele za darasa na walipungukiwa watu. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Wanasimama watu sita au saba kuzunguka maiki moja, wanaongea kwa pamoja, na kila mmoja anaruhusiwa kusema chochote mradi neno lisisikike. Mmoja alikuwa akirudia "karoti, viazi, karoti, viazi" mpaka taa nyekundu izime. Mwingine alitaja wachezaji wa timu yake pamoja na wa akiba. Marehemu peke yake aliomba apewe skripti. Fundi sauti alicheka, akamwambia, "Dada, nyie wa nyuma humo hamna hata neno." Akajibu, "Najua. Nataka kuona tumefika wapi."

Wachoraji walimgawia msichana wa dirishani, aliyekuwa hajapata mwenyewe. Akamshika kwa miaka kumi na moja. Mwisho wa kila kipindi majina yalipopita, yeye aliingia kwenye mstari ulioandikwa "Wanafunzi Wengine", na sisi watoto tulisimama tukapiga makofi mstari huo ulipofika. Asubuhi alishona sare za wanafunzi wa kweli, mchana akapanda kuwa mmoja wao. Alipanda na sindano kwenye kola ya gauni, na zaidi ya mara moja alirudishwa chini akazitoe kwa sababu zilikuwa zinagonga maiki.

Ni studio hiyo hiyo iliyompa mume. Mwaka 2006 kiyoyozi kilianza kunguruma wakamwita fundi. Alikuja mtu mrefu, mpole, na kwikwi. Aliambiwa akae kimya wamalize kipande kimoja kwanza. Akajitahidi akiwa amejiziba mdomo kwa kofia, na taa nyekundu ilipowaka, kwikwi ikatoka. Mkurugenzi wa studio alitaka atolewe nje. Marehemu alimletea maji, akamwinamisha, akamnywesha kwa upande wa pili wa kikombe kama mtoto. Ile kwikwi haikufutika. Kipindi cha kura ya kiranja mkuu, sikilizeni kwa makini: kuna mwanafunzi darasani ana kwikwi, na huyo ni mjomba wetu huyu hapa mbele yenu. Tunamwita mjomba, ingawa kwa hesabu za ukoo si jina lake. Yeye mwenyewe alilichagua. Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba mwaka huo huo. Hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikuwahi kuwa na kitanda kitupu wakati wa likizo.

Mwanzoni mwa mwaka 2015 sauti ya marehemu ilianza kukwaruza. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Daktari wa koo aligundua uvimbe, akaeleza bila kuzunguka kwamba upasuaji utaokoa maisha yake na utaondoka na sauti yake. Tarehe ikapangwa.

Wiki hiyo hiyo fundi sauti alimwendea dukani na habari ambayo hakujua kama aitoe. Katuni ilikuwa inafikia mwisho, na kwenye kipindi cha mwisho msichana wa dirishani alikuwa amepewa neno. Sentensi moja. Darasa linafanya mtihani, muda unaisha, mwalimu anakusanya karatasi, na yule msichana ambaye hajawahi kusikika anaongea. Ila wenye kituo walitaka sentensi hiyo isemwe na mtangazaji kijana wa redio anayejulikana. Na kurekodi kulipangwa mwezi mmoja baada ya upasuaji.

Marehemu hakuwa mtu wa kuomba. Baba yangu anakumbuka mara mbili tu maishani alipomwona dada yake akipanda kwenda kudai kitu, na hii ilikuwa mojawapo. Mkurugenzi alimpokea vizuri, akampa kiti, akaanza kueleza habari za watazamaji na wafadhili. Marehemu alimwacha amalize.

"Miaka kumi na moja huyu mtoto ameishi kwangu," akamwambia. "Leo anafungua mdomo, mnampa sauti ya jirani?"

Mkurugenzi alimwambia kwa upole, "Dada yangu, sauti yenyewe imekwisha. Jisikilize."

"Imekwisha kazini. Sikuipoteza nikicheza."

Hakupata jibu siku hiyo. Mjomba alipomkuta amekaa mezani hajawasha cherehani, alikasirika kuliko tulivyowahi kumwona. Alimwambia kuna koo linasubiri kupasuliwa, na yeye anagombania mtoto wa kuchorwa. Marehemu alimwambia hospitali ataenda tarehe ile ile, hasogezi hata saa moja. Anachotaka kisogezwe ni kurekodi. Mjomba akapanda ngazi yeye mwenyewe. Aliwaambia kuwa kiyoyozi chao amekihudumia miaka tisa, na hajawahi kuwaomba hata kikombe cha maji tangu kile cha kwanza.

Wakakubali kurekodi siku mbili kabla ya upasuaji, wakati picha hazijachorwa bado. Lakini walimwita na mtangazaji kijana pia, wapime wote wawili. Kwa hiyo ukweli ni kwamba marehemu aliingia chumbani bila kuahidiwa kitu. Mjomba alizima kiyoyozi kwa mkono wake, akasimama pembeni mwa swichi. Joto likapanda. Marehemu alijaribu, kikohozi kikamkatiza. Akajaribu tena, sauti ikapotea katikati. Mkurugenzi akatazama saa. Fundi sauti hakungoja kuambiwa, akawasha taa nyekundu tena.

"Mwalimu," marehemu akasema, "mimi sijamaliza."

Fundi sauti anasimulia kwamba sauti ilitoka imechubuka, ndogo, na kila neno lilisikika. Mtangazaji kijana ndiye aliyesimama kwanza. Alimwambia mkurugenzi, "Bosi, mimi niruhusu nirudi redioni, hiki hapa siwezi." Kisha akamwomba marehemu ampimie gauni, maana alikuwa ameliona moja dirishani mwa duka lake wakati akipita. Wachoraji walichora midomo ya msichana kufuata pumzi zake, pamoja na pale anapomeza mate kabla ya neno "mimi".

Kipindi kilionyeshwa Novemba. Mtaani watu waliokuwa hawamjui walimfahamu, watoto wakawa wanapita mlango wa bluu wakiita "Wa Dirishani". Wakati huo alikuwa hawezi kuitika. Aliwagongea mkasi mezani.

Aliishi miaka minane bila sauti, na mtu asidhani ilikuwa miaka ya kimya. Mkasi ukigonga mara moja ujue unaitwa, mara mbili umekosea. Kwa mengine alitumia chaki ya fundi, akaandika juu ya kitambaa chochote kilicho mbele yake, akapangusa. Aliweza kukugombeza kwa maandishi mpaka ukaomba apumzishe mkono. Kwenye karata alituibia kama zamani, na sasa hakukuwa hata na kelele zake za kumfichua.

Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa mwaka jana, safari hii mapafuni. Alifariki asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, katika hospitali ya wilaya, mume wake akiwa amemshika mkono na mdogo wake wa mwisho akiwa miguuni. Madaktari na wauguzi wa wodi namba nne tunawashukuru, na tunawaomba radhi kwa shuka zilizoandikwa chaki.

Ameacha mume, wadogo watatu, watoto tisa wa wadogo hao ambao hakuna hata mmoja anayemwita shangazi au mama mkubwa bila kumwongezea "yangu", cherehani mbili, na sare kadhaa mitaani ambazo mapindo yake bado hayajafunguliwa. Mola ampe mapumziko ya mtu aliyefanya kazi yake yote.

Mwaka jana kabla hajaugua tena, nilikuwa nafanya kazi ya nyumbani kwenye meza yake ya kukatia. Ilikuwa jiografia, na nilikuwa nimekwama. Yeye alikuwa anakata sketi. Nikamkumbusha lile swali la Jumamosi, nikamwambia sasa hivi sina chai ya kunywa, anieleze tu, miaka yote ile alikuwa anasema nini kule nyuma wakati wenzake wanasema karoti na viazi.

Aliweka mkasi. Akavuta kitambaa cha sketi, cha bluu, akakinyoosha kwa kiganja, akaandika polepole kwa chaki:

"Nilikuwa namjibu mwalimu. Mara nyingi nilipata."