Kompyuta ya Subaru ya Shedrack

Kwenye kosta ya kutoka Iringa kwenda Ilula nilikaa nyuma ya watu wawili waliokuwa wakibishana hata kabla konda hajadai nauli. Yusta alikuwa fundi umeme wa magari. Shedrack alikuwa na Subaru ya kukimbiza, lakini alipanda kosta kwa sababu ilikuwa imelala gereji kwa Yusta, huu ukiwa mwezi wa nne.

"Fundi, nimefikiria tena," alisema Shedrack. "Tusiandike upya programu ya kompyuta ya zamani ya injini. Tufunge mpya kabisa, ile ya kuseti kila kitu."

Yusta alishusha pumzi. "Jumatatu ulitaka mpya, Jumatano ukarudi kwenye ya zamani. Nyaya nimeshafungua mara mbili, kaka."

"Mpya ina nguvu zaidi."

"Nguvu anaitoa anayeseti. Hiyo mpya, huku kwetu sijaona anayeijua. Ya zamani naijua mimi."

"Unajisifia tu," alisema Shedrack. Lori la nyanya likatupita kwenye mlima, taratibu.

"Hebu niambie, gari unalitaka la kazi gani?"

Shedrack alitazama dirishani. "Kumpeleka mama kliniki Tosamaganga. Anabadili magari mawili, na mgongo ule."

Sauti ya Yusta ilishuka. "Basi nirudishe programu ya kiwandani. Kesho asubuhi unamchukua."

Nilidhani yameisha. Shedrack akatoa simu mfukoni. "Ngoja kwanza niwaulize wenzangu wa Subaru kwenye grupu."

"Konda, shusha," alisema Yusta, akasimama kabla gari halijasimama.