Mama Nukta na Wiki Tatu za Mfumo Mpya

Miaka thelathini na minne na miezi miwili: huo ndio muda ambao mwenzetu, mchapaji mkuu wa maandishi ya nukta nundu katika shule yetu ya wanafunzi wasioona, ametumikia bila kuhamishwa hata mara moja. Tarehe 30 Novemba mwaka huu anastaafu rasmi. Jina lake lipo kwenye faili la ofisi, lakini tangu wanafunzi walipombatiza Mama Nukta, hata barua za Mkuu wa shule humfikia kwa jina hilo.

Mimi ninayeandika ni mfunga vitabu. Meza yangu iko upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa hiyo kwa miaka kumi na tisa nimesikia mashine yake ikitwanga karatasi, na kila alichosema nimekisikia, nipende nisipende.

Aliingia hapa kama mpiga taipu wa ofisi. Mwaka wa tatu mchapaji wa zamani aliugua, na yeye akaombwa ashike nafasi kwa wiki mbili tu. Hizo wiki mbili ndizo zinaisha mwezi huu. Alijifunza kusoma kwa vidole ingawa macho yake ni mazima, akifumba macho na kupapasa chochote kilichokuwa karibu. Mumewe, ambaye ni mshonaji, anasema siku moja alimkuta sebuleni akipapasa ukuta uliopakwa rangi vibaya, akilalamika kwamba sentensi haina maana.

Vitabu vya kiada mia mbili na kumi na viwili vimepita mikononi mwake, bila kuhesabu mitihani ya kila muhula. Lakini mkimwuliza kazi iliyomtoa jasho kuliko zote, hatataja kitabu. Atataja kompyuta yake.

Kompyuta hiyo ndiyo iliyoendesha mashine ya kuchapa, na mfumo wake endeshi ulikuwa umezeeka. Kila asubuhi kidirisha kilijitokeza kwenye skrini kikiuliza kama yuko tayari kupandisha mfumo mpya. Kila asubuhi alibonyeza “Baadaye”. Fundi wa kompyuta wa shule, mwanamke mpole asiyependa ugomvi, alimweleza kwamba waliotengeneza mfumo ule wameacha kuulinda na virusi vingeweza kuingia wakati wowote. Mama Nukta alimjibu kwamba mashine yake ni ya zamani, mfumo mpya hautaijua, na wanafunzi watakaa kwenye mtihani wakiwa na karatasi tupu. Hoja ilikuwa nzito. Fundi akaondoka. Ikawa hivyo miaka mitatu.

Aliyeumia ni mhakiki wetu, ambaye wote tunamwita Vidole. Yeye haoni, na kazi yake ni kupapasa kila ukurasa kabla haujaja kwangu kufungwa. Ili alinganishe na maandishi ya walimu, alihitaji programu inayosoma skrini kwa sauti. Ile ya kwenye mfumo wa zamani ilikuwa ikikatika katikati ya neno, na mafaili ya walimu ya siku hizi haikuweza kuyafungua kabisa. Basi Mama Nukta alimsomea. Alimsomea kila ukurasa, kwa upendo, bila kuchoka, na nadhani aliamini hilo linatosha.

Siku moja kabla ya chai, Vidole alisimama akashika ukingo wa meza.

“Dada, niambie ukweli. Nasubiri mashine, au nakusubiri wewe?”

Upande wangu wa ukuta niliacha gundi ikauke kwenye brashi. Mama Nukta aliinuka. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani saa nne na nusu asubuhi, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada ya siku hiyo.

Kesho yake alipitia kwangu kwanza, akakaa juu ya rundo la majalada. Macho yalikuwa yamevimba.

“Nilikuwa naisingizia mashine,” aliniambia. “Naogopa mimi. Nina miaka hamsini na saba, kile chumba ndicho kitu pekee ninachokijua chote. Wakibadilisha, nitakuwa mgeni mezani kwangu mwenyewe. Na kumbe kaka yangu Vidole amekuwa mgeni pale miaka yote mitatu.”

Kisha akaenda kumwambia Vidole maneno hayohayo. Hayo sikuyasikiliza; niliwasha redio.

Mitihani ilikuwa imebaki wiki saba. Alimwita fundi, wakakubaliana wajipe wiki tatu za majaribio. Fundi alichomoa diski ya zamani pamoja na kila kilichokuwemo, akaibandika karatasi ya “USIGUSE”, akaweka diski nyingine yenye mfumo mpya. Ikishindikana, ya zamani inarudishwa na mitihani inachapwa kama kawaida. Mama Nukta alitaka diski ile ikae kwenye kabati la chuma, na ufunguo akauvaa shingoni.

Siku ya kwanza mashine haikutoa hata nukta moja. Fundi akatangaza kwenye korido kwamba tatizo ni moja tu, mashine haina draiva, yaani ile programu ndogo ya kuiunganisha na kompyuta. Dereva wa basi la shule alikuwa akipita. Alikwenda kunawa mikono, akaingia, akasema kama ni dereva yeye yupo, aonyeshwe tu inakowashiwa. Tulicheka mpaka Vidole akaomba maji. Kicheko kile kilihitajika, maana wiki hiyo nzima haikuwa na kingine.

Draiva ilipopatikana, mashine ilichapa, lakini ilichapa upuuzi. Katika nukta nundu namba huandikwa kwa herufi zilizotanguliwa na alama maalumu, na alama hiyo ilikuwa inamezwa njiani. Vidole ndiye aliyegundua, akipapasa karatasi ya hesabu ambayo sote tulidhani imekaa sawa. Tatu imekuwa c, tano imekuwa e. Mtoto angetakiwa kujumlisha c na e.

Siku ya tisa fundi mwenyewe alikata tamaa, akasema warudishe diski ya zamani, hakuna atakayemlaumu mtu. Tulimtazama Mama Nukta. Hapo ndipo mlango wa kutokea ulikuwa wazi kwake, na heshima yake yote ikiwa salama. Aligusa ule ufunguo shingoni.

“Tulisema wiki tatu,” akasema. “Zimebaki siku kumi na mbili.”

Alirudi kwenye daftari lake la jalada gumu, ambamo tangu mashine ifike alikuwa akiandika kila alichokigusa. Alisoma kurasa zote, kuanzia mwisho kwenda mwanzo, siku nne. Kwenye mwaka wa kwanza kabisa alikuta mstari wa penseli: swichi ndogo ya sita, nyuma ya mashine, ameishusha ili ielewane na mfumo wa wakati ule. Akachukua bisibisi, akaipandisha. Karatasi ikatoka. Vidole akaipapasa kutoka juu hadi chini, kisha akarudia, na sisi tumebana pumzi.

“Tatu,” akasema. “Jumlisha tano. Haya, nani anajua jibu?”

Si kila kitu kilipona. Programu ya kuchora ramani imekataa mfumo mpya mpaka leo, na Mama Nukta amekuwa akitengeneza ramani kwa uzi na gundi anayoniibia mimi. Kwa upande mwingine, Vidole alipata sauti yake. Inatamka “ng'ombe” kama mtu aliyemeza mfupa, lakini inasoma. Asubuhi ya kwanza alifungua mwenyewe faili la mtihani wa sayansi, akasikiliza, akasema swali la saba limerudiwa kwenye la kumi na tisa. Mama Nukta alikuwa ameusoma mtihani huo mara mbili bila kuliona kosa hilo. Alikuja kunisimulia akiwa na furaha kama aliyelipata yeye.

Mitihani ilitoka siku tatu kabla ya muda, na hakuna mwanafunzi aliyekaa bila karatasi.

Wasifu huu umetolewa kwa wino na kwa nukta nundu. Mama Nukta aliomba achape nakala za nukta nundu yeye mwenyewe. Tulimkatalia, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na minne. Vidole aliingia chumbani peke yake, akawasha kompyuta, akaipokea kazi kutoka kwangu, akaichapa na kuihakiki bila kusomewa neno na mtu yeyote.

Dada yetu, asante kwa kila ukurasa. Asante zaidi kwa zile siku kumi na mbili. Nenda ukapumzike na shemeji yetu, upate afya na usingizi wa kutosha, na asubuhi zako ziwe zako. Chumba chako kina watu.