Mchungaji Eliakimu Gwimo, Aliyebaki Msituni Kasokwe

Majirani zetu wa Ibra, asalamu alaikumu, na nyinyi wauguzi mliokuwa mkisali na marehemu, amani iwe kwenu. Mimi ni Zakariya bin Muhanna, na nimepewa kazi ya kusoma habari za mtu huyu kabla hatujampeleka Maskati kwenye makaburi ya watu wa dini yake, kwa sababu miaka yake ya mwisho aliishi nyumbani kwetu na sisi ndio tuliomjua huko alikotoka.

Marehemu Mchungaji Eliakimu Gwimo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wilaya ya Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, akasoma shule ya misheni hapo hapo Kasulu, kisha akajifunza uuguzi na kumaliza mwaka 1974, akafanya kazi katika zahanati za kandokando ya ziwa, na mwaka 1984 kanisa lake likamweka wakfu kuwa mchungaji.

Tarehe 6 Agosti 1977 alimuoa Bi Damari, na Mungu akawajaalia watoto wawili, Amoni aliyezaliwa mwaka 1979, na Yunike aliyezaliwa mwaka 1986.

Mwezi wa Septemba 1990 kanisa lilimtuma yeye na familia yake kijiji cha Kasokwe, katika misitu ya Maniema, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo, na huko ndiko tulikokuwa sisi, baba yangu Muhanna akiwa na duka la chumvi na nguo. Daraja la kuingia kijijini lilikuwa limekwisha kuanguka, malori yalikomea mbali, na kila kitu kilibebwa kichwani kupita kwenye matope, mvua ikinyesha hata nguo zikaota ukungu sandukuni. Nyumba waliyopewa ilivuja, nzi weusi wa mtoni waliwauma tangu asubuhi, na dawa zilizoahidiwa zilifika mara chache au hazikufika kabisa. Marehemu alimwambia baba, "Mzee Muhanna, nimekuja kuwapa watu Neno, na wao wananiomba kwinini," na baba akamjibu, "Basi wape kwinini, Pasta, Neno watalisikia wakipona."

Mwezi wa Machi 1993 dada yangu Ghanima alishikwa na malaria iliyopanda kichwani, akawa hatujui tena, na mama yetu Wadha akambeba mpaka mlangoni kwa mchungaji. Sindano za kwinini zilizobaki zilimtosha mgonjwa mmoja tu. Marehemu alimdunga zote, Ghanima akapona, na siku chache baadaye Yunike, binti yake mwenyewe, akaanza kutetemeka. Watu walitumwa kutafuta dawa, mto ulikuwa umefurika, wakarudi mikono mitupu, na tarehe 2 Aprili 1993 Yunike akafariki, akazikwa nyuma ya kanisa la udongo alilolijenga baba yake.

Baada ya msiba huo wengi walioanza kuingia kanisani wakaacha, wakisema Mungu asiyemlinda mtoto wa mtumishi wake atamlinda nani, na Jumapili nyingine marehemu alisali na mkewe na mwanawe tu. Bi Damari alivumilia mwaka mmoja, kisha akamwambia mbele ya mama yetu, "Baba Amoni, kila nikienda kuchota maji napita kaburi la mwanangu. Turudi nyumbani." Marehemu akamwambia, "Nikiondoka, wagonjwa hawa nitamwachia nani?" Bi Damari hakugombana naye, alifunga mizigo, akamchukua Amoni, wakarudi Kasulu mwezi wa Juni 1994, na marehemu aliwasindikiza mpaka penye malori, akarudi peke yake.

Vita vilipofika mwaka 1996 duka letu liliporwa, nasi tukatoka kwa miguu mpaka ziwani, na mwaka uliofuata tukafika hapa Oman kwa jamaa zetu. Yeye alibaki. Kanisa lilimwamuru aondoke, hakuondoka, na tangu hapo akaishi kwa muhogo wa shamba lake na kwa anachopewa na wagonjwa. Bi Damari alifariki Kasulu tarehe 19 Novemba 1999, na habari ilimfikia miezi mingi baadaye, kwa mdomo wa mchuuzi wa mawese aliyedhani marehemu amekwisha kujua.

Wale nzi wa mtoni, ambao kuuma kwao huleta upofu, hatimaye walimla macho. Baba aliposikia kwamba Pasta anaongozwa kwa fimbo, alimtuma kaka yangu Asaad akamlete, wakafika Ibra mwezi wa Mei 2004. Madaktari walisema macho hayarudi tena, na mwaka jana wakaona saratani ya ini. Katika nyumba yetu hakumhubiria mtu, wala hakuna aliyemtaka aache dini yake, na Ghanima ndiye aliyempikia uji, akamnywesha kwa mkono wake.

Mwezi uliopita tulimpata Amoni kwa simu. Marehemu alimwomba radhi, naye Amoni akasema, "Baba, mama alikusamehe kabla hajafa. Mimi bado." Marehemu akasema, "Nimesikia, mwanangu. Usijilazimishe." Alifariki katika hospitali ya hapa Ibra, Alhamisi tarehe 9 Machi 2006, alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliomtembelea na kumfungulia habari za redio kwa Kiswahili, wafanyakazi wenza wa Asaad waliohangaikia karatasi za mazishi, na wenzake wa dini watakaomwimbia huko Maskati.

Amoni amefika jana, ndiye huyu aliyeketi karibu nami. Nilimuuliza kama niyaruke maneno aliyomwambia baba yake, akasema niyasome kama yalivyo. Kisha akaniuliza yupi ni Ghanima, nikamwonyesha, akaenda akamsalimu, wakakaa pamoja.

Mchungaji Eliakimu, sasa hakuna mgonjwa anayekugongea mlango. Lala, upumzike kwa amani.