Kona ya Nne ya Bi Mapindo

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Mapindo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1948, mtoto wa kwanza wa baba mwashi na mama mfua nguo za watu. Tangu utotoni alitumia mkono wa kushoto. Bibi alijaribu kumbadilisha kwa kumfunga kitambaa mkononi, akashindwa, akasema mtoto huyu kichwa chake kigumu, heri tumwache. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyeurithi mkono huo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1962. Darasani hakung'ara, wala hakuficha. Alikuwa akisema, "Hesabu ilinikimbia, sindano ikanikimbilia." Mwalimu wa ushonaji ndiye aliyemfundisha blanketi la viraka: juu vipande vya vitambaa vilivyounganishwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha yote yanashikwa pamoja kwa nakshi ya kushona kwa mkono. Pindo ndilo lililomtesa. Pindo lake la kwanza alilichorea nakshi ya kamba iliyosokotwa, akaanzia katikati ya kila upande, na alipofika kwenye kona ncha mbili zikapishana kama majirani walionuniana.

"Umeanzia wapi wewe?" mwalimu akamuuliza.

"Katikati, mwalimu."

"Basi utaishia matatani. Kona kwanza! Katikati kunavumilia, kona haisamehe."

Neno hilo alilishika maisha yake yote.

Mwaka 1966 alianza kazi ya kupima na kukata vitambaa dukani, na mwaka 1969 akafungua chumba chake cha kushonea, chenye dirisha moja linalotazama barabara. Mteja alikuja na viraka vyake vimeshaunganishwa, nakshi ameshaichagua moyoni. Mama alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akafanya alichotaka yeye. Viraka vya maua alivipa mistari iliyonyooka, kwa sababu maua juu ya maua ni kelele. Viraka vya pembe alivipa mviringo. Kwenye pindo tupu, lisilo na viraka, ndiko alikojidai. Nakshi isipoenea upande mmoja, alipunguza kidogo huku, akanyoosha kidogo kule, na hakuna jicho lililowahi kumkamata.

Baba yetu, ambaye alikuwa seremala, alimletea blanketi la mama yake limechanika. Likashonwa. Wiki iliyofuata limechanika tena, na iliyofuata tena. Mara ya tatu mama aliukagua mpasuko, akamtazama usoni. "Hapa pamepita msumeno, bwana. Kama una neno lako sema, usiitese pamba." Baba akalisema. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1971, wakajaliwa watoto watatu. Fremu ya mbao aliyoshonea mama mpaka mwisho ni kazi ya baba.

Mganga hajigangi, na kwa miaka mingi nyumba ya Bi Mapindo ililalia mablanketi ya dukani. Mwaka 1984 ndipo alipomshonea mumewe la kwanza. Pindoni aliweka kamba ile ile ya shuleni, na safari hii kona zote nne ziligeuka bila kukatika. Baba aliifuata kwa kidole mzunguko mzima, akacheka.

"Haina mwanzo wala mwisho. Nikiingia humu nitatokea wapi, mke wangu?"

"Utajua mwenyewe," mama akajibu, naye akicheka.

Baba alikula chakula cha mchana, akajilaza, akajifunika aone joto lake. Hakuamka. Hakuwa na homa wala kikohozi. Alizikwa nalo.

Tangu siku hiyo mama hakuchora kamba tena. Alichora majani, mawimbi na manyoya ya ndege, na katika kila pindo aliacha kona moja na mwanya wa upana wa kidole. Aliuita mlango. Walipomlalamikia kwamba kazi haijaisha, aliwaambia usingizi nao unahitaji mahali pa kutokea. Mteja mmoja, mwalimu mkuu, alichoka na maneno hayo akampa fundi mwingine auzibe. Hazikupita siku nyingi akarudi, blanketi limo kwenye mfuko wa plastiki, ameushika mbali na mwili wake. "Mama, nakuomba ulifungue tena. Mtoto akilala humu tunamwita mpaka sauti zinakauka." Mama aliifumua kona ile pale pale kizingitini. Hakuliingiza ndani.

Aliugua figo kuanzia Januari 2023. Alipoona miguu haimbebi, aliagiza fremu isogezwe kitandani, akasema sasa anashona la kuzikiwa. Mimi, kitinda mimba wake, ndiye niliyemchorea. Nilimuuliza anataka majani au mawimbi.

"Chora kamba."

Niliiweka chaki chini. "Mama, kamba?"

"Kamba. Na uanzie kwenye kona, sijafa bado."

Nilichora, akashona. Kona tatu alizifunga, kila moja kwa shida kuliko iliyotangulia. Ya nne alinikataza. "Hiyo usiiguse. Nitaimaliza mwenyewe." Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, kabla hajaifikia.

Hapo ndipo tulipogawanyika. Kaka yetu mkubwa alisema fundi hazikwi na kazi nusu, kona ifungwe. Mama mdogo, ndugu pekee wa marehemu aliyebaki, akaja juu. "Mmesahau yaliyompata baba yenu? Mnataka dada yangu atokee wapi?"

"Na tukiiacha wazi?" kaka akamjibu. "Kastabini yake, ile kofia ya chuma ya kidoleni, jana nimeifungia kwenye droo. Leo nimeikuta juu ya fremu, ina joto. Mama mdogo, huyu hajaondoka. Atakuwa anaingia na kutoka."

Waliniachia mimi niamue kwa kuwa ndiye niliyechora. Niliogopa kote kuwili: nikifunga, namfungia mama yangu ndani; nikiacha, hatapumzika. Nikasema iachwe wazi, kama alivyowaachia wengine miaka yote hiyo. Ndiyo maana karatasi mlizoshika zimeandikwa kwamba mama anazikwa na blanketi lake, kona ya nne ikiwa wazi. Zilichapwa jana.

Mniwie radhi, yanayofuata hayamo kwenye karatasi.

Leo asubuhi tulifungua chumba cha kushonea, tulikolirudisha blanketi na fremu yake baada ya msiba, tulichukue. Mlango ulikuwa umefungwa, na ufunguo alilala nao mama mdogo. Tumekuta kona ya nne imeshonwa. Kamba imegeuka, haikukatika popote. Nimepitisha kidole juu yake, na mishono imelalia upande ule ambao sisi wa mkono wa kulia hatuwezi kuilaza hata tukijitahidi. Mama mdogo ameligusa, akavuta pumzi, akasema, "Basi anajua anakokwenda."

Nimelia sana, jamani. Hofu imepungua, haijaisha. Miaka arobaini tulidhani mama anaiogopa kamba ile, kumbe alikuwa anaitunza kwa siku yake. Blanketi alilomo baba ni la kamba hiyo hiyo, na halina mlango.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake mmoja. Ameacha pia mablanketi vitandani mwenu. Mkifika nyumbani yaangalieni mapindo, na mlango mtakaoukuta wazi msiuzibe.

Mama, lako hatutalifumua. Lala kwa amani, na baba msalimie.