Wekundu wa Mama Joel

Baada ya miaka ishirini na minane ya kuchagua wekundu wa midomo na mashavu ya watu wengine, Bi. Antonia Chilongani, ambaye hapa dukani hakuna anayemwita jina lingine zaidi ya Mama Joel, anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025. Aliajiriwa na Asnath Vipodozi na Mapambo mwaka 1997, duka likiwa chumba kimoja chenye dirisha dogo. Analiacha likiwa na tawi Kongwa, ghala Kizota na saluni ya maharusi ambayo Jumamosi huwa haina pa kukanyaga. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Gabrieli wa kaunta ya manukato, kazi ya kuandika wasifu wake. Nadhani walinichagua kwa sababu nina maswali mengi, tabia ambayo siku nyingine huwaudhi.

Swali langu la kwanza lilikuwa jicho lake la rangi alilipata wapi. Nilitegemea kusikia habari za chuo au semina, lakini akasema alilipata kwenye nyanya. Kabla ya kuajiriwa alikuwa akiuza nyanya sokoni, na wauzaji wa safu yake walikuwa na mtindo wa kufunga turubai jekundu juu ya meza. Chini ya turubai lile, nyanya iliyo nusu kijani inaonekana imeiva vizuri. Mteja akifika jikoni kwake na kufungua mfuko anakuta kitu kingine. Mama Joel naye alifunga la kwake msimu mzima na hakuona haya kunisimulia. Kilichomkaa akilini ni kwamba kama kitambaa kinaweza kuivisha nyanya, basi kinaweza kuufanya uso wa mtu chochote.

Mwenye duka, Bi. Asnath, alimwajiri kufungua maboksi. Lakini Mama Joel hakuwa mtu wa kufungua boksi akanyamaza. Kila paleti iliyoingia, yaani kile kibati chenye visahani vya rangi ya mdomo na mashavu, aliibeba hadi mlangoni akaitazama kwenye mwanga wa jua, kisha akarudi kusema hii tumepigwa. Taa za dukani, alisema, zinapendelea. Baada ya miezi michache Bi. Asnath alichoka kubishana naye, akamwekea meza pale pale mlangoni na kumkabidhi kazi ya kuchagua wekundu wote wa duka. Meza hiyo ndiyo tunayoipita kila asubuhi tukiingia kazini, na wengi wetu tumewahi kujigonga goti kwenye kona yake.

Namna yake ya kuchagua niliitazama kwa miaka bila kuielewa, mpaka nilipomwomba anieleze polepole. Wateja wengi hujaribu rangi mgongoni mwa kiganja. Yeye hutumia ncha ya kidole, upande wa ndani, kwa sababu ngozi ya hapo inakaribiana na ya mdomo, wakati mgongo wa kiganja umeungua jua. Hupitisha kidole kwenye kisahani mara moja tu. Rangi ikifunika mistari ya kidole kwa mara hiyo moja, imeshiba. Ikimlazimu arudie, anaiita chai ya hosteli, na boksi zima linarudi lilikotoka. Kwa mashavu huichukua rangi ile ile iliyoshiba na kuisambaza kwa kidole mpaka isijulikane imeanzia wapi. Alikuwa akisema rangi nzito unaweza kuipunguza, ila nyepesi huwezi kuiongeza, utaishia kumpaka mtu tope.

Namba za kiwandani hakuzitaka hata kidogo. Wekundu wenye weusi kwa mbali aliuita zabibu, unaoelekea machungwa akauita nyanya, wa kahawia akauita tofali, na ule uliokolea wa juisi ya rosela kabla haijatiwa maji akauita rosela. Majina hayo yamesambaa kiasi kwamba akina mama wanaouza samaki Mtera huagiza kwa simu wakisema wanataka zabibu, na mfungasha mizigo mpya aliwahi kuwaandalia zabibu kweli, kilo nzima.

Kipimo cha mwisho hakipo dukani kwingine kokote, nina uhakika. Rangi ya mdomo iliyofaulu mlangoni ilipakwa kwa mfanyakazi aliyejitolea, na mfanyakazi huyo alikula chakula cha mchana mbele ya Mama Joel: ugali wa uwele na mlenda. Anayejua mlenda unavyoteleza na kuvutika anaelewa kwamba hakuna mtihani mgumu kama huo kwa mdomo uliopakwa. Kilichobaki baada ya tonge la mwisho ndicho tulichonunua. Siku moja akina dada wote walikuwa wamefunga Kwaresima, ikabidi Ignas wa ghala la Kizota aitwe. Alikula sahani mbili akiwa na midomo ya tofali, akaomba ya tatu, na ile paleti imekuwa ikiuzika hadi leo.

Asidhani mtu kwamba hakuwahi kukosea. Mwaka 2009 alimpamba Lea, binti wa jirani yetu wa duka la vitambaa, kwa ajili ya sendofu yake, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya ndoa. Alimpaka zabibu midomoni na mashavuni, akamsogeza mlangoni, wote tukakubali kwamba binti amependeza. Asubuhi hiyo hiyo upepo ulikuwa umechana turubai jeupe la sherehe, na kamati ikakodi la kijani bila kumwambia mtu. Lea alipoketi chini ya lile la kijani, zabibu ilikuwa nyeusi, na mashavu yalionekana kama yamevilia damu. Shangazi wa bwana harusi mtarajiwa alimvuta mama wa binti pembeni akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyempiga huyu mtoto.

Mama Joel alikuwa mgeni mwalikwa, lakini paleti haikuwa ikikosekana kwenye mkoba wake. Alimwambia mshereheshaji aongeze muziki, akamwinua Lea, akampeleka nyuma ya meza ya chakula, akahakikisha hawatoki chini ya turubai. Pale pale alifuta kila kitu na kuanza upya kwa nyanya, akitazama rangi mahali itakapotazamwa. Lea alirudi kitini akiwa na uso wake. Jumatatu Mama Joel alitukusanya na kusema kosa halikuwa la kamati. Aliutazama wekundu aliposimama yeye, hakuutazama atakapokaa Lea. Tangu siku hiyo kila bibi harusi anayeingia saluni huulizwa swali moja kabla hata hajaonyeshwa kiti, nalo ni turubai la rangi gani. Wengine hudhani wameingia kwa wakodishaji wa viti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona Mama Joel mwenyewe amepaka rangi ya mdomo. Mafuta tu, basi. Ignas alishikilia kwamba ni nadhiri ya kanisani. Stumai wa saluni alisema ni mzio. Mimi niliamini kwamba mpishi hushiba harufu. Mwezi uliopita nilijipa moyo nikamuuliza, na jibu lake lilinifanya niache hata kucheka. Alisema mtu wa mlangoni akipaka, kila mteja atanunua mdomo wake. Aliuacha wake mtupu ili mteja akimtazama asione cha kuiga, arudi kwenye kioo ajitazame mwenyewe. Niliona uchungu kidogo kusikia hivyo, kwa sababu alilisema kama mtu anayetaja saa za kufungua duka.

Wakati huo huo kulikuwa na suala la meza. Bi. Asnath, kwa nia njema kabisa, alikuwa anafikiria kwamba Mama Joel akiondoka tuanze kuagiza wekundu kwa picha za simu kama maduka mengine, na meza ya mlangoni itoke ili wateja wapite vizuri. Mama Joel alitaka meza ibaki na aikalie Raheli, dada yetu kutoka Chemba, ambaye amefanya kazi mkabala naye kwa miaka minne. Raheli aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote, ingawa aliogopa kuisemea. Wakabishana wiki nzima, wote wawili wakiwa wabishi wa kuzaliwa. Mwisho wakakubaliana kwamba Raheli amchagulie Mama Joel wekundu wa siku ya kuagwa. Mama Joel akiukubali mdomoni mwake, meza inabaki. Akiufuta, inaondoka.

Raheli hakufanya kosa la mtu mgeni. Alikuja kwangu kwanza, maana mimi ndiye katibu wa kamati, akauliza turubai. Nikamwambia la buluu, rangi ya kampuni, tena limeshalipiwa. Akaomba kipande kwa Sostenes, mkodishaji wetu, akakitundika juu ya meza, akajaribu kisahani kimoja baada ya kingine. Nyanya ndiyo iliyosalimika chini ya buluu. Mama Joel alikubali kupakwa, akajitazama, akasema ni sahihi, kwa sauti ile anayoitumia akisifia chakula kisicho na chumvi. Kisha akachukua kitambaa akaifuta. Raheli alirudi stoo akajifanya anahesabu mabrashi. Lakini Mama Joel, kabla hajatoka jioni ile, alisema mtihani haujaisha mpaka siku yenyewe.

Kuna kitu Raheli alikuwa amekiona kwa miaka minne ambacho mimi, pamoja na maswali yangu yote, sikuwahi kukiona. Kila mzigo mpya ukifika, Mama Joel hujaribu rangi kwa vidole vyote, na baada ya kazi hufuta kimoja kimoja. Kidole cha rosela hakifuti. Anaenda nacho kula, anarudi nacho, anaondoka nacho jioni. Rosela ndio ulikuwa wekundu wake, sema chini ya turubai la buluu unageuka zambarau. Ndipo Raheli alipofanya jambo ambalo mwalimu wake hakuwahi kulifanya. Aliiacha rangi ilivyo, akaenda kubadilisha turubai.

Haikuwa rahisi. Turubai jeupe la Sostenes lilikuwa limeshachukuliwa na akina mama wa kanisa moja kwa ajili ya kipaimara cha watoto wao. Raheli aliwafuata mwenyewe, akawaamkia, akakaa nao, na wakakubali kuchukua la buluu kwa sharti kwamba siku hiyo aende kuwapamba wote. Mimi nilikasirika, nakiri. Vitambaa vya viti vya buluu, maua ya buluu, halafu juu jeupe. Hasira ilinitoka nilipoelewa anachokifanya. Mama Joel amechagua rangi kufuata maturubai ya watu tangu enzi za Lea, na hajawahi kupata mtu wa kuchagua turubai kufuata mdomo wake.

Juzi Jumatano Raheli alimwekea paleti mezani na kufungua kisahani cha rosela. Mama Joel akauliza turubai. Raheli akamjibu: ni jeupe, nimelibadilisha kwa ajili yako, mama. Mama Joel alikaa, akainua kidevu, akapakwa midomo na mashavu, akala ugali wake na mlenda bila haraka. Ignas alikuwa amekuja kutoka Kizota na boksi moja ambalo hakuna aliyeliagiza. Baada ya tonge la mwisho Mama Joel alisimama mlangoni na kioo, akajitazama muda mrefu sana, sisi tukiwa tumeacha kazi. Kisha akamgeukia Bi. Asnath akasema ile meza wasiiguse, akachukua mkoba wake akaenda kupanda bajaji. Hakufuta. Mimi nililia, na niliowaambia kwamba ni manukato waendelee kuamini hivyo.

Ndugu wageni, tunamshukuru Mama Joel kwa nyuso zote alizozirudisha kwa wenyewe, na kwa kutufundisha kutazama kitu mahali kitakapokaa. Anarudi Kongwa kwenye alizeti zake na wajukuu. Sasa iacheni karatasi hii kidogo na inueni macho. Turubai lililo juu yenu ni jeupe. Yule mama aliyeketi mbele, mwenye kitenge cha njano na midomo ya rosela, ndiye yeye, na hivyo ndivyo alivyo.

Nenda ukapumzike vizuri, Mama Joel, uzee wako uwe wa raha na afya. Rangi ikikuishia, njoo mlangoni. Raheli yupo.