Mama Gisèle Nabintu na Kijiti cha Mkononi

Dada yangu mkubwa, Gisèle Nabintu, alizaliwa Bukavu tarehe 14 Machi 1962. Alisoma huko huko hadi akamaliza sekondari, akawa mwalimu wa darasa la kwanza. Sauti yake ilisikika hadi darasa la sita.

Alifunga ndoa na Damien tarehe 4 Agosti 1984, na Mungu akawapa watoto sita, wa kwanza Landry. Vita viliwatoa nyumbani, wakafika Birmingham mwaka 2000. Sagesse, kitinda mimba, alizaliwa hapa Novemba 2001. Uzazi ule uliudhuru moyo wa mama yake. Daktari alisema wazi kwamba mimba ya saba ingeweza kumuua.

Gisèle alitaka kuishi amlee Sagesse. Mwaka 2002 akachagua kijiti cha kuzuia mimba, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kikafanya kazi miaka mitatu. Shemeji Damien aliogopa kitatembea hadi kwenye moyo. Akamsindikiza kliniki ili amlinde. Alipoona sindano, akaanguka yeye! Tangu hapo kila siku, hata kanisani, alipapasa mkono wa mkewe akikitafuta kijiti: "Mama Landry, iko?" Naye alijibu, "Iko, Papa." Mlidhani ni mahaba. Haya, na mahaba yalikuwemo.

Kuanzia 2004 alikuwa mkalimani wa kliniki hiyo. Wangapi hapa mligusa mkono ule kabla ya kuamua, kijiti au kitanzi cha kwenye kizazi? Msiniangalie hivyo, mnajijua. Hata mimi nilimpigia simu Jumapili moja nikilia, kondomu imepasuka. Akasema, "Valérie, vidonge vya dharura ni ndani ya siku tatu, na mapema ndiyo bora. Vaa viatu. Toba utaomba njiani."

Kijiti kilibadilishwa 2005 na 2008. Moyo ukazidi kuchoka, akafariki tarehe 9 Oktoba 2009. Na mtu asianze maneno: kijiti hakikumuua. Kilimpa miaka saba ya kulea bila hofu, akamwona Sagesse akisoma vitabu peke yake. Alifurahi mno!

Ameacha mume, watoto sita, wajukuu wawili na mimi mdogo wake. Jana tulipomuaga nyumbani, mtaa wa Alum Rock, Damien aliupapasa ule mkono, akauliza kwa mazoea, "Iko?" Ndipo Sagesse, ambaye siku zote hutujibu kwa Kiingereza, akasema, "Iko, Papa."

Pumzika kwa amani, dada. Mtoto umemlea.